Orton Chirwa: Wakili wa kwanza wa Malawi, aliyenyimwa wakili siku ya kesi yake

Ukiwa hapa Ipinda, Malawi siyo nchi ya mbali. Unapanda gari hadi Kasumulu, unavuka daraja la mto Songwe, na hapo tayari uko upande wa pili. Kuna watu wana shamba la mpunga huku na shangazi kule Karonga. Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku wanaelewana bila mkalimani.

Lakini kuna miaka ambayo mpaka huu ulikuwa na maana nyingine kabisa. Kuna watu walioondoka kule wakaja huku ili wasife. Na kuna mmoja ambaye, baada ya kuishi Tanzania miaka 17 hivi, alirudishwa Malawi akiwa mfungwa. Hakutoka tena akiwa hai.

Anaitwa Orton Chirwa. Vijana wengi wa kizazi chetu hawamjui. Wazee wa mwambao wa ziwa wanalikumbuka jina lake. Hii ndiyo habari yake.

Mtoto wa ziwa

Orton Edgar Ching'oli Chirwa alizaliwa tarehe 30 Januari 1919. Ni mtu wa Nkhata Bay, mji wa ufukweni upande wa kaskazini mwa Malawi. Maji unayoyaona ukisimama pale Matema ndiyo hayohayo yanayofika Nkhata Bay. Wakati huo nchi iliitwa Nyasaland na ilikuwa chini ya Waingereza.

Kama walivyokuwa wasomi wengi wa enzi zile, alianza na ualimu. Alisoma Fort Hare, Afrika Kusini, chuo kilekile walichopitia akina Nelson Mandela na Oliver Tambo. Akarudi nyumbani na kufundisha chuo cha ualimu cha Domasi, karibu na Zomba.

Mwaka 1951 alimwoa Vera Chibambo. Kumbuka jina hilo, kwa sababu habari ya Orton haisimuliki bila Vera. Yeye naye baadaye alisomea sheria, akawa mwanamke wa kwanza Malawi kuwa mwanasheria. Pia alikuwa miongoni mwa waliowapanga akina mama wa nchi hiyo kupinga ukoloni, pamoja na Rose Chibambo.

Ualimu haukumtosha Orton. Akaenda London kusoma sheria, na mwaka 1958 akakubaliwa kuwa wakili. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Nyasaland kufika hapo.

Hebu fikiria maana yake. Nchi nzima ina mahakama, ina polisi, ina magereza, lakini hakuna hata mwananchi mmoja mweusi mwenye ruhusa ya kusimama mbele ya jaji akamtetea mwenzake kama wakili. Halafu anatokea mmoja.

Aliyeshika kiti kwa niaba ya mwingine

Wakati Chirwa anarudi, nchi ilikuwa inachemka. Waingereza walikuwa wameiunganisha Nyasaland na Rhodesia mbili, Kaskazini na Kusini, kwenye Shirikisho lililoanza mwaka 1953. Watu hawakulitaka. Waliona wamekabidhiwa kwa walowezi wa kizungu wa Salisbury.

Vijana wa chama cha Congress walihitaji mtu mzima wa kusimama mbele. Wakamwita Dk. Hastings Kamuzu Banda, daktari aliyekuwa ameishi nje kwa miaka mingi. Banda akafika Julai 1958. Vijana wakamjenga kwa makusudi. Walimtangaza kama mkombozi na kuwafundisha watu kumshangilia. Kumbuka na hili, litarudi huko mbele.

Tarehe 3 Machi 1959 gavana Robert Armitage akatangaza hali ya hatari. Banda na mamia ya wenzake wakakamatwa, Chirwa akiwemo. Siku hiyohiyo pale Nkhata Bay askari waliufyatulia risasi umati uliotaka wafungwa waachiwe. Watu 20 walikufa. Tume ya jaji Devlin iliyotumwa kutoka Uingereza ikaja kuandika kwamba Nyasaland ilikuwa inaendeshwa kama nchi ya kipolisi. Serikali ya London haikufurahi.

Chirwa aliachiwa mapema kuliko wakubwa wenzake. Congress ilikuwa imepigwa marufuku, na Banda alikuwa bado gerezani Gwelo, Rhodesia ya Kusini. Basi tarehe 30 Septemba 1959 kikaanzishwa chama kipya, Malawi Congress Party. Rais wake wa kwanza alikuwa Orton Chirwa.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Chirwa alikuwa na chama mkononi. Alikuwa msomi, wakili, na watu walimjua. Angeweza kung'ang'ania. Tunawajua wengi ambao wangefanya hivyo.

Yeye hakung'ang'ania. Banda alitoka gerezani tarehe 1 Aprili 1960, na Chirwa akamwachia kiti. Makubaliano yalikuwa hivyo tangu mwanzo, naye akayatimiza.

Waziri wa sheria

Mambo yakaenda haraka. Mazungumzo ya katiba yakafanyika London mwaka 1960. Uchaguzi wa Agosti 1961 chama kikashinda kwa kishindo. Chirwa akaingia serikalini upande wa sheria, akawa Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu. Tarehe 6 Julai 1964 Nyasaland ikawa Malawi huru.

Uhuru ule ulikuwa na mwezi mmoja na siku kadhaa tu kabla nyumba haijaanza kutikisika.

Mawaziri vijana walikuwa na malalamiko, na ukiyasoma leo unaona wazi walisimama upande wa kushoto kuliko bosi wao.

Kwanza, hospitali. Serikali ilikuwa imeanza kutoza peni 3 kwa wagonjwa wa nje waliokuwa wakitibiwa bure. Kwa mtu wa mjini si kitu, kwa mama wa kijijini ni pesa.

Pili, ajira. Waafrika walikuwa wanapandishwa vyeo taratibu mno, Wazungu bado wamekalia nafasi za juu, na mishahara ya watumishi wa kawaida ikabanwa.

Tatu, mambo ya nje. Banda alitaka urafiki na Wareno wa Msumbiji na makaburu wa Afrika Kusini. Mawaziri walitaka kusimama na wapigania uhuru, na walitaka Malawi iitambue China ya kikomunisti, ambayo ilikuwa tayari kutoa msaada.

Nne, na hili ndilo lililouma zaidi, Banda alikuwa anafanya kila kitu peke yake. Mawaziri watu wazima aliwaita vijana wake.

Tuseme ukweli: Chirwa hakuwa mkali kuliko wote katika kundi lile. Kanyama Chiume na Yatuta Chisiza walikuwa moto zaidi. Chirwa alikuwa mtu wa vikao, wa hoja na vifungu vya sheria. Lakini hilo halikumsaidia.

Tarehe 7 Septemba 1964 Banda akawafukuza Chirwa, Chiume, Augustine Bwanausi, na Rose Chibambo aliyekuwa naibu. Wengine, akina Chisiza na Willie Chokani, wakajiuzulu kuwaunga mkono. Henry Chipembere alikuwa safarini Canada. Aliporudi, naye akajiuzulu. Bunge likakaa siku mbili kusikiliza, na wabunge wakamchagua Banda.

Kumbe yule mkombozi waliyemtangaza wenyewe alikuwa amekubalika kweli. Watu walifundishwa kumshangilia, na sasa walimshangilia akiwafukuza walimu wao.

Ndani ya wiki chache nyumba za mawaziri wa zamani hazikuwa salama tena. Vijana wa chama walikuwa barabarani. Mmoja baada ya mwingine, wakaondoka nchini.

Maisha ya Tanzania

Orton na Vera wakaja Tanzania, wakaishi Dar es Salaam na kulea watoto wao huko. Alifanya kazi ya sheria na kuifundisha. Mwalimu Nyerere aliwapokea wakimbizi wengi wa kisiasa wa Malawi. Chiume naye alikuja, kwake ilikuwa kama kurudi nyumbani kwa sababu alisoma Tanganyika tangu utotoni.

Uhusiano wa nchi mbili ukaharibika. Mwaka 1967 Tanzania ikasema wazi kwamba mpaka wetu upo katikati ya ziwa. Banda akakataa, akashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 unaoweka mpaka kwenye ufuko wetu. Mwaka uliofuata akadai hadi sehemu za nchi kavu ya Tanzania. Mpaka leo sisi tunaliita Ziwa Nyasa, wao wanaliita Ziwa Malawi, na jambo hilo halijaisha.

Huku nyuma Banda akafunga milango yote. Mwaka 1966 Malawi ikawa jamhuri ya chama kimoja, yeye akiwa rais. Mwaka 1967 akafungua uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1971 akawa rais wa maisha.

Waliojaribu kurudi kwa nguvu waliishia pabaya. Chipembere alijaribu kuandamana na wafuasi wake kwenda Zomba Februari 1965, akashindwa, akaishia kuishi Marekani. Yatuta Chisiza aliingia nchini na kikosi kidogo cha wapiganaji mwaka 1967, akauawa kwa risasi wilaya ya Mwanza, ile ya Malawi.

Chirwa alibaki na njia ya siasa. Mwaka 1977 akaunda chama chake, Malawi Freedom Movement, kwa kifupi MAFREMO. Kulikuwa pia na LESOMA, chama cha kisoshalisti waziwazi kilichoongozwa na Attati Mpakati. Mwaka 1979 Mpakati alitumiwa bomu ndani ya barua akiwa Msumbiji, likamjeruhi mikono. Mwaka 1983 akauawa Harare.

Yaani kuwa nje ya Malawi haikuwa na maana kwamba uko mbali na mkono wa Banda.

Usiku wa kuamkia Krismasi

Tarehe 24 Desemba 1981, Orton, Vera na mtoto wao mmoja wa kiume wakajikuta mikononi mwa polisi wa Malawi. Orton alikuwa na miaka 62.

Serikali ya Malawi ilidai waliingia wenyewe nchini na kukamatwa ndani ya mpaka. Familia ilisema walitekwa upande wa Zambia, karibu na mpaka, wakavushwa kwa nguvu. Amnesty International iliamini maelezo ya familia na kuwatangaza kuwa wafungwa wa dhamiri.

Mtoto wao hakushtakiwa kwa kosa lolote. Hata hivyo alikaa ndani miaka 2 na zaidi ndipo akaachiwa.

Wazazi wakashtakiwa kwa uhaini. Na hapa ndipo habari inapokuwa chungu.

Mahakama isiyo na wakili

Malawi ilikuwa na mahakama za aina mbili. Kulikuwa na Mahakama Kuu, yenye majaji wa sheria kama tunavyozijua. Na kulikuwa na zile zilizoitwa mahakama za jadi, ambako wengi waliokaa kuhukumu walikuwa machifu.

Zamani mahakama hizo zilisikiliza migogoro ya mifugo na mashamba. Mwaka 1969 Bunge likazipa uwezo wa kusikiliza kesi za mauaji na kutoa hukumu ya kifo. Majaji wa Mahakama Kuu wakajiuzulu kupinga. Baadaye zikaongezewa kesi za uhaini.

Ndani ya mahakama hizo mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili.

Sasa piga picha. Wakili wa kwanza Mwafrika wa nchi hiyo, aliyekuwa Waziri wake wa Sheria na Mwanasheria Mkuu, pamoja na mkewe ambaye ni mwanasheria wa kwanza mwanamke, wamesimama kizimbani Blantyre. Wanashtakiwa kwa kosa linalobeba kitanzi. Hakuna wakili anayeruhusiwa kuwatetea, na mashahidi waliowataka kutoka nje ya nchi hawakupewa nafasi.

Wakajitetea wenyewe. Walijua sheria, wakahoji mashahidi na kupinga ushahidi. Haikusaidia. Mei 1983 wote wawili walihukumiwa kifo.

Wakakata rufaa. Rufaa nayo ilikwenda kwenye mahakama ya jadi ya ngazi ya taifa. Majaji wa rufaa waliona kasoro kadhaa katika kesi na kuzitaja. Kisha wakaiacha hukumu vilevile.

Dunia ikapiga kelele. Maombi yakatoka kwa serikali, makanisa na vyama vya mawakili vya nchi mbalimbali. Juni 1984 Banda akabadilisha adhabu iwe kifungo cha maisha.

Gereza moja, miaka 8 bila kuonana

Walifungwa Zomba. Yeye upande wake, mkewe upande wake. Gereza ni hilohilo, lakini kwa miaka 8 hawakuruhusiwa kuonana.

Mwaka 1992 upepo ukaanza kubadilika. Vita baridi ilikuwa imekwisha, na nchi za Magharibi hazikumhitaji tena Banda kama zamani. Mwezi Machi maaskofu wa Kikatoliki wakatoa waraka uliosomwa makanisani nchi nzima, ukieleza wazi umaskini na uonevu. Aprili, Chakufwa Chihana, kiongozi wa wafanyakazi, akarudi kutoka nje kudai vyama vingi na kukamatwa uwanja wa ndege. Wafadhili wakakaza misaada.

Septemba 1992 ujumbe wa mawakili kutoka Uingereza ukaruhusiwa kuingia Zomba kuwaona akina Chirwa. Ndipo Orton na Vera wakakutanishwa. Walimkuta mzee aliyechoka. Masikio yalikuwa yamezidiwa na macho yalikuwa na mtoto wa jicho ambaye hakutibiwa.

Wiki chache baadaye, tarehe 20 Oktoba 1992, Orton Chirwa alifia gerezani. Alikuwa na miaka 73.

Vera hakuruhusiwa kwenda kumzika mumewe.

Alikosa miezi minane tu

Kinachouma ni jinsi alivyokaribia. Januari 1993 Vera akaachiwa. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi wakapiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakachagua vyama vingi. Mwaka huohuo zile mahakama za jadi zikasimamishwa kazi. Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi na Bakili Muluzi. Akaondoka madarakani na kuja kufa kitandani Novemba 1997.

Yaani kutoka kifo cha Chirwa hadi kura ya maoni ni miezi minane tu.

Vera hakukaa kimya. Alianzisha shirika la Malawi CARER la kuwapa watu wa kawaida msaada na elimu ya sheria. Baadaye akaingia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na kupewa kazi ya kukagua magereza ya bara zima. Mwanamke aliyekaa Zomba miaka 11 akawa ndiye anayewafungulisha wakuu wa magereza milango aone ndani.

Kwa nini sisi wa Kyela tumkumbuke

Unaweza kusema haya ni mambo ya Wamalawi. Mimi naona yanatuhusu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni wakili. Hata hapa Tanzania, kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kumwakilisha mtu Mahakama ya Mwanzo. Hatuwezi kulinganisha, mahakama hizo hazinyongi mtu wala hazikuundwa kumaliza wapinzani. Lakini mwananchi wa Ipinda aliyewahi kusimama peke yake mbele ya hakimu, anatetemeka, hajui aulize nini, anaelewa kidogo. Chirwa alijua kila kitu cha kuuliza na bado alishindwa, kwa sababu mahakama yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja. Kujua sheria hakutoshi kama anayekuhukumu hayuko huru.

Ya pili ni kile kiti cha mwaka 1960. Tunapenda kumsifu kiongozi anayemwachia mwenzake nafasi, na Chirwa anastahili sifa hiyo. Ila yeye na wenzake walifanya kosa moja kubwa: walimpa Banda kiti, wakampa na sifa zote, bila kujiwekea njia ya kumwambia hapana. Walipotaka kuisema hiyo hapana mwaka 1964, hakuna aliyekuwa tayari kuisikia. Kosa hilo walilifanya kwa nia njema, wakiwa na haraka ya uhuru. Bei yake alilipa Chirwa, na Wamalawi wa kawaida wakalipa miaka 30.

Siku ukivuka Kasumulu kwenda Karonga kufuata biashara au kusalimia ndugu, angalia jinsi ulivyo rahisi sasa. Unaonyesha kitambulisho, unagongewa muhuri, unaendelea na safari. Kuna mtu wa ziwa hilihili ambaye kwa miaka 17 alitamani kupita njia kama hiyo arudi kwao, na alipofika, alifikishwa akiwa mateka.